Ziwa la Mlima Marsabit na Mito ya Sotik

(Somo juu ya Msitu na Maji)

Mtu aliyezaliwa Sotik hana mazoea ya kustaajabia maji. Asubuhi husikia mto Kipsonoi ukivuma bondeni, alasiri huona mawingu yakikusanyika upande wa Mau, na mara nyingi jioni haiishi bila mvua kunyesha juu ya majani ya chai. Mtoto akitumwa maji, huenda na kurudi kabla ya moto kufifia jikoni. Kwa hiyo mtu wa nchi kama hiyo akiambiwa ya kwamba msitu ndio ghala ya maji yake, huitikia kwa adabu, walakini moyoni husema, "Maji hutoka kwa Mungu. Msitu hutoa kuni."

Si ajabu akisema hivyo, kwa maana kazi ya msitu wa Mau si rahisi kuonekana kwa macho. Msitu huo ni mkubwa mno, na mito yake ni mingi, nayo huenda pande zote za nchi. Mtu aweza kuishi ukingoni mwake miaka sabini asiuone ukingo wa pili. Basi anayetaka kulifahamu jambo kubwa, yafaa kwanza alitazame dogo lililo mfano wake.

Mfano huo uko kaskazini mwa Kenya, katika mlima Marsabit. Huko liko ziwa dogo ndani ya msitu, msitu uko juu ya mlima, na mlima umezungukwa na jangwa pande zote. Habari yote ya msitu na maji, ambayo katika nchi ya Sotik imetandazwa kama nguo kubwa isiyoonekana pindo, huko imekunjwa ikawa ndogo, na mgeni aweza kuisoma kwa siku moja.

Safari ya kwenda Marsabit

Msafiri atokaye Sotik hupita Kericho na Nakuru, kisha hupanda Nyahururu, huufuata upande wa magharibi wa Mlima Kenya mpaka Nanyuki, halafu hushuka Isiolo. Mpaka hapo bado yumo katika nchi anayoifahamu: mashamba ya mahindi na ngano, ng'ombe wa maziwa, na miti iliyopandwa mipakani. Lakini akiisha kuuacha mji wa Isiolo, nchi hubadilika upesi. Hupita Archer's Post, Merille, Laisamis na Logologo, na kila akienda mbele miti huwa mifupi zaidi, miiba huzidi, na nyasi hupungua hata ardhi ikabaki mawe na vumbi. Ng'ombe huwa wachache, mahali pao pakashikwa na mbuzi na ngamia. Barabara hiyo kuu iendayo Moyale ilikuwa ya vumbi na mawe kwa miaka mingi. Ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na safari iliyokuwa ya siku mbili za mashaka sasa ni ya saa chache.

Jangwa la Kaisut likiwa bado mkononi mwa kuume na mwa kushoto, msafiri huona mbele yake kitu cha buluu kilichofunikwa na wingu. Huo ndio mlima Marsabit. Kilele chake chafikia kama mita 1,700 juu ya bahari, nao zamani sana ulikuwa mlima wa kutoka moto. Gari likianza kupanda, hewa hupoa. Baada ya mwendo mfupi mgeni hutafuta koti lake, na mtu wa Sotik hujiona amerudi kwao: miti mirefu imesimama kando ya njia, majani yana rangi ya kijani kibichi, na asubuhi ukungu hutanda hata taa za gari huwashwa.

Katika mji wa Marsabit hukutana watu wa makabila mengi: Waborana, Wagabra, Warendille, Wasamburu, na Waburji ambao wengi wao ni wakulima. Kwa wengi wa watu hao utajiri ni mifugo, na mlima ni kimbilio. Jangwani nyasi zikiisha na visima vikipwa, macho yote huelekea juu.

Ziwa lenyewe

Mlima Marsabit una mashimo mengi makubwa yaliyoachwa na moto wa zamani. Shimo la namna hiyo kwa Kiswahili huitwa kasoko, na watu wa huko huliita gofu. Mawili kati ya makasoko hayo yamo ndani ya msitu na huwa na maji: Gof Sokorte Dika, yaani lile dogo, na Gof Sokorte Guda, yaani lile kubwa. Hili kubwa ndilo wageni waliloliita Ziwa Paradise.

Mgeni hulifikia kwa njia ipitayo chini ya miti, naye haoni dalili ya maji hata kidogo. Ghafula msitu hukoma, na miguuni pake ardhi hushuka kama ukuta wa bakuli kubwa. Kuta hizo zimevikwa miti tangu juu mpaka karibu na chini. Katika kitako cha bakuli yamo maji, yametulia, na pembezoni mwake nyasi fupi ambako nyati hulala mchana. Ndege wawindaji huzunguka mbele ya magenge. Jioni ndovu hutoka msituni mmoja mmoja, hunywa, hujimwagia maji, kisha hurudi walikotoka bila haraka.

Mahali hapo palijulikana mbali mapema. Mmarekani aliyeitwa Martin Johnson na mkewe Osa walifika ziwani kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Mwaka 1924 walirudi, wakajenga nyumba juu ya ukingo wa kasoko, wakakaa huko mpaka mwaka 1927 wakipiga picha za sinema za wanyama. Picha zao zilionyeshwa Marekani na Ulaya, na watu wengi ambao hawakuwa wamepata kuona nchi ya Afrika waliliona ziwa hilo gizani, katika majumba ya sinema. Baadaye mlima huo ulipata sifa nyingine kwa ajili ya ndovu mmoja aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Rais Jomo Kenyatta aliamuru ndovu huyo alindwe, naye alilindwa mpaka akafa kwa uzee mwaka 1974. Mifupa yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Nairobi.

Lakini mwanafunzi wa somo hili hakuja kwa ajili ya ndovu. Akisimama juu ya ukingo ule, swali lake liwe hili: Maji haya yametoka wapi?

Mlima usio na mito

Swali hilo si la kitoto. Mlima Marsabit hauna hata mto mmoja utiririkao mwaka wote. Mawe yake ni ya volkano, yana nyufa na matundu mengi, na mvua ikinyesha maji hupenya chini upesi. Mvua yenyewe si nyingi kama ya nchi ya chai. Katika mji wa Marsabit hunyesha kama milimita 800 kwa mwaka, na huko chini jangwani, mwendo wa saa moja tu kwa gari, mahali pengi haifiki milimita 300. Sehemu za Kericho zilizo karibu na msitu hupata zaidi ya milimita 2,000. Kwa hesabu ya mvua peke yake, msitu mnene kama ule wa Marsabit usingetazamiwa kuwako, wala ziwa lililomo ndani yake.

Jibu lake huonekana alfajiri. Upepo utokao Bahari ya Hindi huvuka nchi kavu ukiwa umebeba unyevu usioonekana. Jangwani hapana kitu cha kuuzuia, nao hupita juu ya vichwa vya ngamia wenye kiu bila kuwaachia hata tone. Ukifika Marsabit hugonga mlima, hulazimika kupanda, na katika kupanda hupoa. Hewa iliyopoa haiwezi kuchukua unyevu wote iliokuwa nao ilipokuwa ya joto. Basi unyevu ule hugeuka ukungu, nao hutanda juu ya mlima usiku kucha, na siku nyingi hauondoki mpaka jua limekwisha kupanda sana.

Ukungu ni matone madogo mno, mepesi hata hayaanguki. Yakipita mahali palipo wazi, huenda zake. Lakini yakipita kati ya miti hunaswa. Kila jani, kila kijiti, na kila uzi wa kuvumwani ya kijivu iningʼiniayo matawini kama ndevu za mzee, hushika matone yake. Matone hukutana, huwa mazito, kisha hudondoka. Mtu akisimama chini ya mti mkubwa wakati wa ukungu, husikia mvua ikinyesha, na akitoka hatua kumi mpaka mahali pasipo mti, huona ardhi ni kavu. Wahenga walisema, Haba na haba, hujaza kibaba. Hapa kibaba ni ziwa zima, pamoja na chemchemi ambazo mji wa Marsabit huchota maji yake.

Jambo hili limepimwa na wataalamu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Rudolf Marloth aliweka vyombo viwili vya kupimia mvua juu ya Table Mountain, huko Cape Town katika Afrika Kusini, mahali penye ukungu mwingi. Chombo kimoja alikiacha wazi, na juu ya cha pili alisimamisha matete. Mwisho wa kiangazi alikuta ya kwamba chombo chenye matete kilikuwa kimekusanya maji zaidi ya mara kumi kuliko kile kilichoachwa wazi. Wingu lilikuwa moja na upepo ulikuwa mmoja. Matete tu ndiyo yaliyoleta tofauti hiyo.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya msitu wa mlimani: kukamata maji ambayo bila miti yangepita. Anayekata mti huko Marsabit ameondoa kivuli na kuni za kesho, na zaidi ya hayo ameondoa mtego mmoja wa maji.

Ziwa kama daftari

Ziwa Paradise halikai katika hali moja. Baada ya mvua nzuri huenea na kukaribia kuta za kasoko. Katika ukame mkali hupungua likawa dimbwi lenye tope, na zaidi ya mara moja limepata kukauka kabisa, nyasi zikaota pale ambapo ndovu waliogelea. Kwa hiyo ziwa hilo ni kama daftari ya mwenye duka: kila kilichoingia na kila kilichotoka huandikwa humo, na mwenye kujua kusoma hahitaji kuambiwa.

Ukame wenyewe hautokani na mlima, wala hakuna msitu uwezao kuizuia mvua isikose. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika nchi za kaskazini mwa Kenya, mifugo wengi mno wakafa. Lakini ukame ukija, mlima wenye msitu mnene huvumilia kuliko mlima uliovuliwa nguo. Hapo ndipo penye hatari. Kila mwaka wa njaa huleta watu zaidi Marsabit, nao huhitaji kuni, nguzo za nyumba na malisho. Haiwezekani kumlaumu mama atwekaye mzigo wa kuni kichwani ili watoto wake wale. Walakini kila mzigo hutoka katika msitu ule ule ukamatao maji ya mama huyo.

Anayetaka kujua maana ya kukosa maji ya karibu, na aende visima vya Ulanula, si mbali na mji. Maji yako chini sana. Wanaume husimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwenzake, kama ngazi ya watu, nao hupokezana ndoo kutoka chini hata juu huku wakiimba kwa mpigo mmoja, ng'ombe wakingoja zamu yao birikani. Wageni husifu uzuri wa nyimbo zile. Mtu wa Sotik, ambaye kwao ng'ombe hujiendea mtoni, ahesabu migongo.

Mabonde mawili ya Kericho

Sasa msafiri na arudi nyumbani, kwa maana kazi ya pili ya msitu ilipimwa karibu na kwao, nayo yawahusu wakulima wa chai moja kwa moja.

Katika miaka ya 1950 mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa yakipanuka kuelekea msituni, na swali likazuka: Msitu ukifyekwa na chai ikapandwa, je, mito ya kiangazi itakauka? Wengine walisema itakauka mara moja. Wengine walisema chai nayo ni mti, haitadhuru. Basi Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga karibu na Nairobi, liliamua kupima badala ya kubishana. Kazi hiyo iliongozwa na Dokta H. C. Pereira.

Yalichaguliwa mabonde mawili yaliyofanana. Bonde la Lagan, lenye hekta zaidi ya 500, liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret, lenye hekta karibu 700, yapata nusu ilifyekwa hatua kwa hatua ikapandwa chai, na sehemu iliyosalia ikabaki na miti na mianzi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 vyombo vya kupimia mvua viliwekwa mahali pengi, na katika mdomo wa kila bonde ulijengwa ukuta mdogo wa kupimia maji ya kijito, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1962, na hesabu ya miaka mingi mwaka 1979.

Matokeo hayo hayakuwapa ushindi kamili wabishi wa upande wo wote. Chai iliyokomaa, ikiwa imefunika ardhi yote, ilionekana kutumia maji karibu sawa na msitu, au pungufu kidogo, na kijito cha Sambret hakikukauka. Lakini katika miaka ile ambayo ardhi ilikuwa wazi na miche bado midogo, mvua kubwa ikinyesha maji yalishuka kwa kishindo mara nyingi zaidi kuliko katika bonde lenye msitu. Tena shamba lile halikulimwa ovyo. Lilikatwa makinga maji yaliyofuata usawa wa mlima, njia zake zilichimbiwa mifereji, na ardhi ilifunikwa upesi ilivyowezekana. Wapimaji wenyewe walionya ya kwamba matokeo mema ya Sambret ni matokeo ya uangalizi ule, wala mtu asidhani ya kuwa kila shamba litakalofyekwa msituni litakuwa hivyo hivyo.

Utafiti wa miaka ya karibuni katika Mau ya Kusini-Magharibi umeunga mkono onyo hilo. Vijito vitokavyo katika mashamba madogo ya mahindi na malisho, ambako ardhi hubaki wazi kwa sehemu ya mwaka, vilionekana kubeba udongo mwingi zaidi kuliko vijito vya msituni au vya mashamba makubwa ya chai.

Kutokana na hayo yapatikana maneno machache ya kukumbukwa. Kazi ya kwanza ya msitu ni kukamata maji, nayo ya pili ni kuyaweka. Chini ya miti ardhi imefunikwa na majani yaliyooza na imetobolewa na mizizi. Maji hupenya polepole, huenda chini, na hutokea miezi mingi baadaye katika chemchemi, wakati ambapo mvua imesahauliwa. Katika ardhi tupu matone ya mvua hugonga udongo na kuziba matundu yake, na maji hukimbia juu juu yakibeba mbolea ya mkulima. Watu wa bondeni hupata mafuriko mwezi wa Aprili na kiu mwezi wa Januari, na mvua ya mwaka haikupungua hata tone.

Jaribio la nyumbani

Asiyesadiki na ajaribu mwenyewe, au mwalimu na awafanyie wanafunzi wake. Zichukuliwe karai mbili kuukuu na kutobolewa upande mmoja wa ukingo. Zote mbili zijazwe udongo wa aina moja. Juu ya udongo wa karai ya kwanza yawekwe majani makavu na nyasi, na karai ya pili iachwe tupu. Zote ziinamishwe kidogo, na chini ya kila tundu liwekwe kopo. Kisha kila karai imwagiwe maji lita mbili kwa chombo chenye matundu madogo kama ya mvua. Kutoka karai tupu maji yatakuja upesi, mengi, tena mekundu kwa udongo. Kutoka karai iliyofunikwa yatakuja machache, meupe, na matone yataendelea kudondoka baada ya yale mengine kukoma. Kopo la kwanza ni mafuriko. Kopo la pili ni chemchemi.

Mau na watu wake

Msitu wa Mau ni zaidi ya hekta 400,000. Kutoka humo hutoka Kipsonoi, unaoungana na mito ya Kericho na kuwa mto Sondu, ambao hugeuza mitambo ya umeme ya Sondu Miriu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Humo humo hutoka Nyangores na Amala, ipitayo Bomet na kuungana kuwa mto Mara, unaonywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti. Kwa hiyo kijito kinachoanzia chini ya mti mmoja katika Mau hufanya kazi Kenya, tena hufanya kazi Tanzania.

Msitu huo umepungua sana. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 ziliondolewa katika hifadhi kwa amri ya serikali. Kamati iliyotoa taarifa yake mwaka 2009 ilieleza ya kuwa karibu robo ya msitu wote ilikuwa imepotea katika muda wa miaka ishirini hivi. Wengi walioingia hawakuwa wezi. Walikuwa watu wenye njaa ya ardhi, wengine wakiwa wameshika hati mikononi. Ilipoamriwa watoke, mwaka 2009 na tena mwaka 2018, familia nyingi ziliachwa kando ya barabara katika mvua na baridi. Hili nalo ni sehemu ya somo. Msitu ukigawanywa kwa haraka, anayeumia ni mtu wa bondeni akosaye maji, kisha mtu wa msituni akosaye nyumba. Maji yakimwagika hayazoleki, na msitu uliokatwa kwa miezi mitatu haurudi kwa miaka hamsini.

Yampasayo mkulima

Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kuyaamua mambo ya Mau nzima. Lakini yako mambo aliyo na uwezo nayo, bila fedha nyingi.

Kwanza, asiiache ardhi yake tupu. Chai iliyokufa ipandiwe nyingine mapema, na matawi yaliyopogolewa yaachwe chini yafunike udongo wala yasipelekwe yote jikoni. Penye mahindi, mistari ifuate usawa wa mlima, isishuke nao.

Pili, aache ukanda wa miti na nyasi kando ya mto na kijito. Sheria ya nchi yakataza kulima mpaka ukingoni, lakini aangaliaye faida yake hangoji askari: udongo uanguao mtoni ni wa shamba lake.

Tatu, asipande mikaratusi karibu na chemchemi. Mti huo ni mwema kwa kuni na nguzo, nao una mahali pake mlimani, lakini penye maji hunywa kuliko ng'ombe wengi. Kando ya chemchemi ipandwe miti ya asili ambayo wazee walikuwa wakiiacha.

Nne, ajiunge na jirani zake katika chama cha kutunza msitu. Sheria ya mwaka 2005, na ile iliyoshika mahali pake mwaka 2016, zawaruhusu wakazi wa karibu kushirikiana na serikali katika kuutunza msitu na kupata faida zake. Katika sehemu nyingi za nchi ya chai ule ukanda wa chai uliopandwa mpakani mwa msitu tangu mwaka 1986 wasaidia kuonyesha mwisho wa shamba na mwanzo wa hifadhi, lakini mpaka hauna nguvu kama jirani hawauheshimu.

Mtu wa Marsabit akisimama ukingoni mwa kasoko lake huona kwa jicho moja msitu, maji na jangwa, naye hana haja ya kuhubiriwa. Mtu wa Sotik hana bakuli kama lile. Bakuli lake ni nchi nzima kutoka Mau mpaka Ziwa Victoria, na yeye mwenyewe amekaa katikati yake, jangwa asilione. Yafaa asingoje kuliona ndipo asadiki.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuna msitu mnene juu ya mlima Marsabit ingawa mvua yake si nyingi?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mti unavyokamata maji ya ukungu.
3. Katika mabonde ya Sambret na Lagan, ni wakati gani hasa maji yalishuka kwa kishindo, na kwa sababu gani?
4. Taja mto mmoja ulio karibu na kwenu. Unaanzia wapi, unapita kwa nani, na unaishia wapi?
5. Waulize wazee watatu juu ya chemchemi au kijito kilichokuwa na maji mwaka wote walipokuwa watoto. Kikoje leo? Kando yake palikuwa na nini zamani, na sasa pana nini?